Jasho la Wawili si Nusu Jasho

Mwezi Julai, 1968, wanawake wanne walikutana katika viwanja vya Wimbledon, jijini London, kugombea ubingwa wa tenisi ya wanawake wawili wawili. Upande mmoja wa wavu walikuwapo Billie Jean King na Rosemary Casals wa Marekani. Upande wa pili walikuwapo Ann Jones wa Uingereza na Françoise Dürr wa Ufaransa. King na Casals walishindwa seti ya kwanza 3-6, wakashinda ya pili 6-4, na ya tatu 7-5. Kwa aliyeketi jukwaani, hiyo ilikuwa fainali kama fainali nyingine. Lakini kwa mwenye kufuatilia masuala ya kazi na ujira, lilikuwa jambo jipya kabisa.

Tangu mashindano hayo yaanzishwe mwaka 1877, Wimbledon haikuwatambua wachezaji wa kulipwa. Aliyetaka kucheza alipaswa kuwa mchezaji wa ridhaa. Kanuni hiyo ilisifiwa kuwa ndiyo inayolinda usafi wa michezo. Kwa hakika, aliyenufaika nayo ni yule aliyeweza kushinda kutwa nzima kiwanjani bila kujiuliza jioni atakula nini. King ni binti wa askari wa zimamoto. Casals, ambaye wazazi wake walitoka El Salvador, alijifunza tenisi katika viwanja vya umma vya San Francisco. Mwaka 1967 wawili hao walitwaa ubingwa huo huo wa Wimbledon, na hawakupewa zawadi ya fedha. Wakati huo huo, waandaaji wa mashindano mbalimbali waliwalipa kwa siri wachezaji mashuhuri, huku wakihubiri hadharani sifa za ridhaa.

Mwaka 1968 milango ilifunguliwa. Wanawake wote wanne waliocheza fainali ile walikuwa wamekwisha kutia sahihi mikataba ya kucheza kwa malipo. Hapo ndipo dhuluma iliyokuwa imefichwa na neno "ridhaa" ilipoonekana kwa tarakimu. Bingwa wa wanaume, mchezaji mmoja mmoja, alipewa paundi 2,000. Bingwa wa wanawake alipewa paundi 750. Wanaume wawili waliotwaa ubingwa pamoja walipewa paundi 800. King na Casals walipewa paundi 500, yaani paundi 250 kila mmoja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwezi Septemba, 1970, mashindano ya Los Angeles yalipotangaza dola 12,500 kwa bingwa wa wanaume na dola 1,500 kwa bingwa wa wanawake, wachezaji tisa waliamua kwenda kucheza mashindano yao wenyewe huko Houston. King na Casals walikuwa miongoni mwao. Kila mmoja alitia sahihi mkataba wa dola moja na Gladys Heldman, mhariri wa jarida la tenisi, hali wakijua kwamba chama cha tenisi kilikuwa kimewatishia adhabu. Mwaka 1973 wanawake walianzisha chama chao, na King akawa rais wake wa kwanza. Mwaka huo huo mashindano ya wazi ya Marekani yaliwapa bingwa wa kike na bingwa wa kiume zawadi sawa ya dola 25,000. Wimbledon ilisubiri hadi mwaka 2007.

Isidhaniwe kwamba ushindi huo ulikuwa safi kutoka mwanzo hadi mwisho. Fedha zilizoyasimamisha mashindano ya wanawake katika miaka ya 1970 zilitolewa na kampuni ya sigara, iliyotafuta wateja wapya miongoni mwa wanawake. Aliyenyimwa haki na wenye dhamana hulazimika kuipokea kwa mwenye biashara, na mwenye biashara hatoi bure.

Hata hivyo, liko pengo jingine ambalo halikuzibwa. Mwaka 1968, kila mshindi wa mchezo wa wanawake wawili alipata theluthi moja ya zawadi ya bingwa wa kike aliyecheza peke yake. Mwaka 2024, Kateřina Siniaková wa Jamhuri ya Cheki na Taylor Townsend wa Marekani walishinda fainali hiyo hiyo ya Wimbledon kwa 7-6, 7-6. Walipewa pamoja paundi 650,000. Bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alipewa paundi 2,700,000. Fungu la kila mmoja wa wale wawili lilikuwa pungufu ya sehemu moja ya nane ya fungu la bingwa huyo. Mwanamke amelingana na mwanamume, lakini anayecheza na mwenzake ameachwa nyuma zaidi ya alivyokuwa mwaka 1968.

Wapo wanaotetea hali hiyo kwa kusema kwamba watazamaji wanataka nyota, na nyota hucheza peke yao. Hoja hiyo inageuza matokeo kuwa sababu. Katika fainali ya 1968, King alikuwa bingwa wa Wimbledon wa mchezaji mmoja mmoja, Dürr alikuwa ametwaa ubingwa wa Ufaransa mwaka 1967, na Jones alitwaa ule wa Wimbledon mwaka 1969. Nyota walikuwamo. Mchezo ukilipwa kidogo na kupelekwa kwenye viwanja vya pembeni, haishangazi nyota wakiukimbia. Na nyota wakiukimbia, mwenye fedha hupata kisingizio cha kulipa kidogo zaidi. Ni hoja ile ile waliyoambiwa wanawake mwaka 1970, kwamba hawana watazamaji.

Ni kweli kwamba mechi ya wawili haichoshi miguu kama ya mmoja. Lakini inadai ujuzi wake: kuuwahi mpira karibu na wavu, kuziba nafasi aliyoiacha mwenzako, na kujua kabla hajasema anakusudia kuupeleka wapi. Mwalimu anayefundisha darasa moja kwa zamu na mwenzake, au karani ambaye jalada lake humaliziwa na mwingine, anaujua ujuzi huo. Anajua pia kwamba kazi ya namna hiyo ndiyo ya kwanza kusahauliwa siku ya kugawa sifa.

Waandaaji wa mashindano makubwa ya tenisi walihitaji miaka 39, kati ya 1968 na 2007, kuondoa tofauti moja iliyokuwa wazi machoni pa kila mtu. Hii ya pili nayo iko wazi. Hatua ya kwanza haihitaji miaka mingine 39: ni kuirudisha theluthi ile iliyotolewa mwaka 1968, na kuzipeleka mechi za wawili kwenye viwanja ambako watu wanaweza kuziona.