Pepa: Jina lako limeandikwa kwenye simu, lakini limefika?

Leo nazungumzia jambo linaloonekana dogo lakini linanyima watu chakula. Jina kuandikwa ni kitu kimoja, jina kufika ni kitu kingine.

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake alinieleza haya. Ajenti alipita, akamwandika kwenye simu, yeye na watoto wake watano. Siku ya kugawa akaambiwa: "Mama, jina lako halionekani." Akajibu: "Lakini papa, ninyi wenyewe mliniandika." Kwa maoni yangu, wote wawili walisema kweli. Jina liliandikwa, ila halikufika kwenye orodha.

Huku kwetu kwenye milima ya Marungu, rezo inakuja na kwenda. Orodha kubwa haikai kwenye simu ya ajenti. Inakaa kwenye seva, yaani kompyuta iliyo mbali inayotunza majina ya wote. Programu inayongoja jibu la seva kabla ya kuhifadhi jina haifai Pepa, kwa sababu rezo ikikatika, kazi inasimama au inapotea.

Dawa ipo, tena ni ya bure. Wanaotengeneza programu kwa lugha ya JavaScript wana vipande vya kodi vilivyoandikwa tayari, wanaviita maktaba, ambavyo kazi yake ni kuongea na seva. Moja inaitwa PouchDB. Jina hilo linatokana na neno la mfuko, na kazi yake ni hiyohiyo: inatia jina mfukoni kwanza, ndani ya simu, hata bila rezo. Rezo ikirudi, inalipeleka kwenye seva ya CouchDB na kuleta yale yaliyoandikwa kwa simu nyingine.

Njia hii imeshatumika kwa jirani zetu. Mwezi wa tisa 2023, serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaoandika habari za nyumba wanazotembelea kwenye simu. Mfumo wao umejengwa juu ya Community Health Toolkit, na chombo hicho kinatumia PouchDB kwenye simu na CouchDB kwenye seva.

Lakini mfuko unataka mtu wa kuuangalia. Kuna mambo matatu.

La kwanza: mtengenezaji lazima aiambie PouchDB ijaribu tena kila rezo inapokatika. Ni neno moja tu kwenye kodi, "retry". Akilisahau, rezo ikikatika kutuma kunasimama, na rezo ikirudi hakuendelei kwenyewe. Ajenti anaona majina yote kwenye kioo cha simu yake, anadhani yamefika. Kumbe familia nzima iko mfukoni.

La pili: mfuko unaweza kupotea. Simu ikiibwa, au mtu akifuta data za kivinjari ili apate nafasi ya picha, majina ambayo hayajatumwa yanakwenda nayo.

La tatu ndilo linaloniudhi zaidi. Tuseme simu moja hapa Pepa inaongeza mtoto aliyezaliwa kwenye karatasi ya familia. Wakati huohuo simu nyingine huko Kalemie, nayo bila rezo, inabadilisha karatasi ileile. Zote mbili zikifika, CouchDB inachagua moja kuwa mshindi. Haiangalii nani anasema kweli. Inaangalia ipi imebadilishwa mara nyingi zaidi, na zikilingana inafuata alama za kompyuta tu. Ile iliyoshindwa haifutwi, inafichwa mpaka programu iitafute na mtu aamue. Kama hakuna anayeamua, mtoto yule hayuko kwenye orodha ya chakula, hata kama mama yake amembeba mgongoni mbele yenu.

Wengine watasema: basi turudi kwenye daftari. Mimi sikubali. Daftari linanyeshewa mvua, linaungua pamoja na nyumba, na nakala yake haifiki Kalemie mpaka mtu asafiri. Simu ni nzuri. Kibaya ni kuwaachia ajenti na mashine siri ya kujua nani amefika na nani hajafika.

Kwa hiyo wale wanaokuja kutuandika, naomba mfanye haya. Mpeni kila mkubwa wa familia karatasi yenye namba, tarehe na hesabu ya watu wa nyumba yake. Programu yenu ionyeshe wazi ni majina mangapi bado hayajatumwa. Kama rezo haipo, pandeni kilima au shukeni mjini, kisha mpigieni shefu wa kijiji mumwambie: familia fulani zimefika zote. Na kabla ya kugawa, someni orodha mbele ya watu. Pale ambapo karatasi mbili zinapingana, muulizeni mama, msiiachie kompyuta.

Nanyi wazazi wangu, msiogope kuuliza. Si lazima ujue kodi. Maneno mawili yanatosha: "Imetumwa? Nionyeshe." Ajenti mwema hatakasirika. Akisema bado, ajue kwamba kazi yake haijaisha, na wewe ujue kwamba unapaswa kumfuata tena kabla ya siku ya kugawa.