Kompyuta Nyembamba Zipimwe kwa Kazi

KILA siku alfajiri, kabla jua halijachomoza, wananchi wa Bunju husimama kituoni wakisubiri daladala za kwenda mjini. Miongoni mwao wamo walimu, makarani, wahasibu, wanafunzi wa vyuo na waandishi kama sisi, na wengi wao siku hizi hubeba mkoba wenye kompyuta mpakato. Kutoka Bunju mpaka katikati ya jiji ni zaidi ya kilomita 25. Atakayekosa kiti atasimama kupita Boko, Tegeta hata Mwenge, mkono mmoja umeshika bomba, na mkoba ameupakata kifuani kwa kuhofia wezi. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuelezwa maana ya kilo moja.

Kwa sababu hiyo hatushangai kuona kwamba kompyuta nyembamba na nyepesi zimependwa upesi. Matangazo yanazisifu kwa wembamba wake, kana kwamba wembamba ndiyo kazi yenyewe. Sisi hatuna ugomvi na wepesi. Lakini tunaona kuwa ni wajibu wetu kuwauliza wasomaji swali moja kabla hawajatoa fedha ambazo kwa wengi wao ni mshahara wa miezi kadhaa, au mkopo utakaokatwa kwa miaka. Swali lenyewe ni hili: mashine hii ikiharibika, ni nani atakayeweza kuifungua na kuitengeneza?

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1981 huko Marekani ilianza kuuzwa kompyuta iliyoitwa Osborne 1, ambayo ilisifiwa kuwa ni ya kubebeka. Ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, haikuwa na betri ndani yake, na bei yake ilikuwa dola 1,795. Mwezi Januari 2008, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisimama mbele ya watu akatoa kompyuta ndani ya bahasha ya karatasi. Hiyo ndiyo MacBook Air ya kwanza, yenye uzito wa kilo 1.36 na bei ya dola 1,799. Kwa muda wa miaka 27 bei ilibaki karibu ile ile, na uzito ukapungua mara nane. Hapana shaka hayo ni maendeleo makubwa.

Hata hivyo, wembamba huo ulikuwa na gharama zake. Betri ilifungiwa ndani, mwenye mashine asiweze kuitoa mwenyewe. Kumbukumbu, yaani kile kijisehemu kinachoiwezesha kompyuta kushughulikia kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ilichomelewa kwenye bodi kuu, isiweze kuongezwa tena. Tundu la USB lilibaki moja tu. Watengenezaji wengine wengi wakafuata njia hiyo, kila mmoja akishindania kupunguza milimita, na leo mashine za namna hiyo zimejaa katika maduka yetu, za bei kubwa na za bei ndogo pia.

Mmoja wetu akaaye Bunju amefanya kazi na kompyuta nyembamba kwa muda wa zaidi ya miaka miwili. Tutayaeleza mema yake kwanza, maana haki haina upande.

Jema la kwanza ni huo wepesi. Kwa mtu anayepanda daladala mara mbili kwa siku, na bodaboda mwisho wa safari, mashine isiyozidi kilo moja na robo ni nafuu ya kweli. Jema la pili ni kwamba hifadhi yake haina diski inayozunguka. Barabara za ndani za Bunju zina mashimo na vumbi, na diski ya zamani ilikuwa ikiumia kwa mishtuko. Hii ya sasa haina kitu kinachozunguka, na mashine huwaka kwa sekunde chache. Jema la tatu ni matumizi madogo ya umeme. Wakati wa mgao uliotusumbua kuanzia Septemba 2023 hadi miezi ya mwanzo ya 2024, habari nyingi ziliandikwa kwa betri tupu. Hesabu yake ni rahisi kueleweka. Betri yenye saa-wati 50, katika mashine inayokula wati 8 kwa kazi ya kuandika, itadumu kwa saa 6 hivi. Kompyuta nzito inayokula wati 25 ingezimika baada ya saa 2 kwa betri hiyo hiyo.

Sasa tuseme na mabaya yake. Mashine hiyo haikuwa na feni. Chini ya paa la bati, katika joto la mwezi Februari, ilikuwa ikijipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwandishi aliyekuwa na haraka alilazimika kungoja. Ilikuwa na matundu mawili tu ya kuchomekea waya. Kila alipotaka kuunganisha projekta au flashi alihitaji kiunganishi cha ziada, na siku alipokisahau nyumbani, kazi ilisimama. Kumbukumbu yake ilikuwa GB 4. Ilitosha siku iliponunuliwa, lakini programu zilikua na yenyewe haikuweza kukua.

Baya kubwa kuliko yote lilikuja katika mwaka wa tatu. Betri ilivimba mpaka ikainua kibodi. Hapa tunapenda kuwatahadharisha wasomaji kwamba betri ya namna hiyo isitobolewe wala isikandamizwe, kwa kuwa yaweza kuwaka moto. Izimwe mashine, isichajiwe tena, na ipelekwe kwa fundi. Ndivyo alivyofanya mwenzetu. Alikwenda Kariakoo kwa fundi mzoefu, ambaye aliifungua kwa shida, akakuta betri imebandikwa kwa gundi, na umbo lake si la kawaida. Siku tatu alizitafuta za namna ile asizipate. Baada ya hapo akasema maneno ambayo hatujayasahau: mashine hii ilitengenezwa ili ipendeze, haikutengenezwa ili itengenezwe. Leo kompyuta ile imo kabatini, na mkopo ulioinunua ulikatwa katika mshahara kwa miezi mingine saba.

Tunajua yatakayosemwa. Itasemwa kwamba kila mashine huharibika, na kwamba mwenye kutaka kitu cha kisasa akubali masharti yake. Lakini sisi tumelelewa katika nyumba zilizokuwa na vyombo vya aina nyingine. Cherehani iliyonunuliwa na mama zetu ilishona sare za shule za watoto wote, ikarithiwa na binti, nayo ingali inashona. Baiskeli ya Phoenix ilibeba mkaa na maji kwa miaka na miaka. Vyombo hivyo havikuwa na chuma cha ajabu. Kilichoviwezesha kudumu ni kwamba kila skrubu yake ilifunguka, kila kipuri kilipatikana, na kila mtaa ulikuwa na mtu anayeijua kazi yake. Kwa familia ya mapato madogo, kompyuta ni chombo cha kuchumia riziki kama vile cherehani ilivyokuwa, na inastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Historia ya nchi yetu nayo ina fundisho. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine zilinunuliwa ng'ambo, wataalamu wetu wenyewe wakiwa wachache mno, na mafanikio yaliyotarajiwa hayakupatikana. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa baadaye, na hakuna mwenye busara anayetaka yarudi. Lakini kosa lililoyatangulia ni kosa ambalo mtu mmoja mmoja anaweza kulirudia hata leo: kununua mashine ambayo ujuzi wa kuihudumia na vipuri vyake viko mbali na sisi.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba kuchomelewa kwa kumbukumbu si hila tupu. Kumbukumbu ya namna hiyo hutumia umeme kidogo zaidi, na katika baadhi ya mashine husaidia kasi. Yule ambaye kazi yake yote iko safarini, na mwenye uwezo wa kununua tangu mwanzo mashine yenye GB 16 badala ya kutegemea kuongeza baadaye, hatutamwambia kuwa amekosea. Tunayemwonea wasiwasi ni mwalimu au karani anayenunua ile ya bei ndogo, yenye GB 4 na hifadhi ya GB 64, kwa kuvutiwa na wembamba. Huyo atajaza hifadhi kabla ya mwaka kwisha, na hatakuwa na njia ya kuipanua.

Tena tofauti ya uzito ni ndogo kuliko matangazo yanavyotaka tuamini. MacBook Air ya mwaka 2020, isiyo na feni, ina kilo 1.29. ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo yapatikana kama mtumba, ina kilo 1.6 hivi. Hiyo ya pili ina nafasi mbili za kumbukumbu zinazofunguliwa kwa bisibisi, na inakubali betri ya nje inayotoka bila hata kufungua mashine. Tofauti kati ya hizo mbili ni kama gramu 300, yaani uzito wa embe moja. Kila msomaji ajiulize kama kutobeba embe moja kunastahili kupoteza mashine nzima siku betri itakapochoka. Hatusemi hivyo ili kuipigia debe kampuni fulani. Tunataka kuonyesha kwamba wepesi wa kutosha na uwezo wa kutengenezeka vyaweza kukaa katika mkoba mmoja.

Kwa hiyo tunawashauri wanunuzi, hasa wa mitumba, wafanye mambo manne kabla ya kulipa. Kwanza, waulize kama kumbukumbu na hifadhi vyaweza kuongezwa, na wasikubali jibu la mdomo tu. Pili, waulize betri ya aina hiyo inapatikana wapi na kwa bei gani, kwa maana betri nyingi za lithiamu hubaki na asilimia 80 hivi ya nguvu zake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na joto la pwani huzichosha mapema zaidi. Tatu, waangalie prosesa. Msaada wa bure wa kawaida kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hudai, isipokuwa kwa chache, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Mashine nyingi nzuri kwa sura zimeachwa nje ya mstari huo. Nne, wakae na mashine kwa nusu saa wakiandika, wakihesabu matundu yake na kupima joto lake kwa mkono.

Lakini si haki kumwachia mnunuzi peke yake mzigo huu. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2021, inawataka wauzaji waonyeshe alama, kati ya 0 na 10, inayoeleza jinsi kompyuta mpakato inavyoweza kutengenezwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inaelekeza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka, isipokuwa vichache, ziwe zinaweza kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa. Kama mnunuzi wa Paris, mwenye maduka ya vipuri karibu naye, anahitaji kinga hiyo, wa Bunju anaihitaji mara mbili.

Tunaliomba Shirika la Viwango Tanzania, kwa kushirikiana na Tume ya Ushindani, lifikirie kuwataka wauzaji waandike wazi mambo matatu: kama kumbukumbu inaongezeka, kama betri inabadilishwa, na kama vipuri vipo nchini. Tunaishauri Serikali nayo, ambayo ni mnunuzi mkubwa, iweke masharti hayo katika ununuzi wake wa kompyuta za shule na ofisi, kwa sababu wauzaji humsikiliza mnunuzi mkubwa kabla ya mdogo. Na vyuo vya VETA viendelee kutoa mafundi, lakini tukumbuke kwamba fundi hodari hana la kufanya mbele ya mashine iliyofungwa kwa gundi.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaongeza kwamba kilichoundwa na watu yapasa kiweze kuundwa upya na watu, na hasa na watu walio karibu na mwenye nacho. Msafiri wa Bunju ana haki ya kubeba mzigo mwepesi asubuhi. Ana haki pia ya kuikuta mashine yake bado inafanya kazi siku atakapomaliza kuilipia.