Tusimfiche Kijana Mwenye Saratani ya Kibofu

Yako maradhi yatajwayo kwa sauti kanisani, na yako maradhi yasemwayo sikioni tu. Mtu akivunjika mguu, au akishikwa na homa ya malaria, jina la ugonjwa wake hutangazwa siku ya Jumapili naye huombewa mbele ya watu wote. Lakini kijana akianza kukojoa damu, kijiji kizima hunong'ona. Twaamini ya kuwa kwetu Ibaba, na katika vijiji vingine vya milima ya Ileje, mnong'ono huo huchelewesha tiba kuliko ubaya wa njia na kuliko upungufu wa fedha. Tena wako wauitao adabu. Sisi hatukubali kuuita hivyo.

Kwanza tuueleze ugonjwa wenyewe, maana wengi hawajausikia kwa jina lake. Kibofu ni kile kifuko kilichomo tumboni chini ya kitovu, kikusanyacho mkojo. Saratani, ambayo wengi huiita kansa, huanza katika utando wa ndani wa kifuko hicho. Dalili yake ya kwanza mara nyingi ni damu katika mkojo, wala damu hiyo haiumi. Huonekana leo, ikatoweka majuma mawili, kisha ikarudi. Kwa kuwa haiumi, na kwa kuwa yatoweka, mtu husema, "Nimepona," akaendelea kulima.

Katika Ulaya na Marekani wengi wa wagonjwa hawa ni wazee, na sababu iliyo kubwa kwao ni uvutaji wa tumbaku. Katika Afrika iko sababu nyingine, nayo ni kichocho. Mdudu wa kichocho cha mkojo aligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Mwaka 1911 daktari mwingine wa Cairo, jina lake Ferguson, aliandika kwamba kichocho na saratani ya kibofu huandamana. Na mwaka 1994 shirika la kimataifa lichunguzalo saratani lilimtia mdudu huyo katika orodha ya vitu vilivyothibitika kumletea binadamu saratani. Njia yake ni hii: mdudu jike hutaga mayai katika mishipa iliyo karibu na kibofu, mengine hutoka na mkojo, mengine hukwama katika nyama, yakaichoma na kuivimbisha miaka mingi hata nyama hiyo ikaharibika. Ndiyo sababu katika nchi zenye kichocho ugonjwa huu huwapata watu walio vijana kuliko wale wa Ulaya, kwa tofauti ya miaka mingi. Asemaye kwamba saratani ni ya wazee, na ayapeleke maneno hayo Misri, ambako zamani saratani ya kibofu iliwashika wanaume kuliko saratani nyingine zote, wengi wao wakiwa wakulima wenye nguvu zao.

Mtu wa kwetu atajibu, "Sisi tu watu wa milimani. Maji yetu ni baridi nayo yaenda mbio. Kichocho ni cha watu wa ziwani." Jibu hilo lilikuwa na maana zamani, watu walipozaliwa na kufa katika bonde moja. Vijana wetu wa leo hawakai juu. Hushuka kuvuna mpunga wa Kyela, huenda Usangu, huvua katika Ziwa Nyasa, hufika hata Mwanza. Mdudu huingia katika ngozi ya mtu aliyesimama majini, wala hamwulizi kwao ni wapi. Tena aweza kukaa mwilini miaka mingi baada ya mwenyewe kurudi kwenye viazi vyake. Wengine hupata saratani hii kwa tumbaku. Na wengine huipata bila sababu yo yote ijulikanayo na daktari. Basi swali la kwanza la watu wetu, "Amefanya nini huyu?", ni swali baya, maana halimsaidii mgonjwa wala halimjulishi ye yote kitu.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu hasa. Katika nchi nyingi za Afrika zenye kichocho, watu walizoea kusema kwamba damu katika mkojo wa mvulana ni dalili ya kukua. Huo ulikuwa ujinga, lakini haukumtukana mtu. Siku hizi ujinga umevaa nguo nyingine: kijana akikojoa damu husemwa kwamba amezini. Tumemjua mmoja, hajafika miaka 30, mwimbaji wa kwaya. Alikwenda duka la dawa mara kwa mara, akapewa vidonge vya kisonono, wala mkojo wake haukupimwa hata mara moja. Habari zikavuja. Wazee wa usharika wake wakamwita, wakamwambia asiikaribie Meza ya Bwana mpaka atubu. Atubu nini? Alikaa hivyo muda wa mwaka mzima, akiimba nyumbani peke yake, na damu ikazidi. Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari alipitisha chombo chembamba chenye taa katika njia ya mkojo, akauona uvimbe, akakata kipande kidogo kikapimwa, ikawa saratani. Hatukusikia hata mzee mmoja aliyekwenda kwake kumtaka radhi. Twawauliza wazee wa namna hiyo: mnasoma habari za marafiki wa Ayubu kwa faida gani?

Na wasichana hali yao ni mbaya zaidi. Kichocho huweza kuwaumiza hata katika viungo vya uzazi, wakatokwa damu wakati usio wake. Msichana wa namna hiyo hufukuzwa na mchumba, huitwa malaya, naye aliingia mtoni kuteka maji tu. Yule mama wa Injili aliyetokwa damu miaka 12 alijificha nyuma ya umati kwa sababu kama hiyo, na Bwana alimwita mbele ya watu wote akamwita binti. Twaihubiri habari hiyo kila mwaka.

Wako na wale wasemao, "Hospitali haijui magonjwa haya, apelekwe kwa mtu mwenye kipawa." Tukumbuke mwaka 2011. Maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Mkilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni usiku na mchana. Walikwenda maskini, na wenye vyeo pia. Hatumhukumu marehemu, aliyefariki mwaka 2021. Moyo wake aujua Mungu. Twasema habari ya wagonjwa: wako walioacha dawa zao za hospitali baada ya kikombe kile, na wako waliokufa wakiwa katika foleni. Saratani ya kibofu haimngoji mtu arudi safarini. Ikiwa bado katika utando wa ndani, daktari huikwangua kwa kupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo, na kwa aina nyingine hutia ndani ya kibofu dawa ya BCG, ile ile achanjwayo mtoto mchanga kumkinga na kifua kikuu. Ikiisha kuingia katika misuli, mara nyingi hapana budi kibofu kitolewe chote. Kati ya hali hizi mbili pengine ni miezi tu.

Sasa twaja kwa neno liumizalo kuliko yote, yaani kumficha mgonjwa jina la ugonjwa wake. Ndugu humfuata daktari nje, wakamnong'oneza, "Usimwambie kijana, atakufa kwa hofu." Kisha wao hukaa wakijua, naye hukaa asijue, na kila aingiapo nyumbani maneno hukatika. Twadhani mtu mwenye akili hukaa muda gani katika hali hiyo kabla hajafahamu? Hufahamu siku ya kwanza. Tena hufahamu kwamba hana mtu wa kusema naye, maana wote wamejifanya hawajui. Mfalme Hezekia alipougua alikuwa na umri wa miaka 39, ukihesabu miaka ya kutawala kwake. Nabii Isaya hakumnong'oneza mtumishi mlangoni; aliingia akamwambia mwenyewe, waziwazi, kwamba atakufa. Hezekia akageukia ukutani, akalia sana, akaomba. Kisha zililetwa tini zikawekwa juu ya jipu. Kweli, machozi, maombi na dawa, vyote katika chumba kimoja. Sisi twataka maombi peke yake, tena yasiyotaja ugonjwa!

Kijana aliyeambiwa kweli aweza kuuliza, na yako mambo ya kuuliza kabla ya kisu, si baada yake. Mwanamume akitolewa kibofu, mara nyingi nguvu za ndoa hupungua au hukoma, na uwezo wa kuzaa kwa njia ya kawaida hupotea. Mwanamke mara nyingi hutolewa na tumbo la uzazi pamoja na kibofu. Aliye na miaka 25, na mahari imekwisha tolewa, anayo haki kusikia haya kutoka kinywani mwa daktari, mchumba wake akiwa amekaa kando yake. Pengine mchumba atakaa, pengine ataondoka. Hilo ni shauri lao wawili. Shangazi na wajomba, wanaokimbia kudai ng'ombe warudishwe kabla mgonjwa hajatoka kitandani, wangengoja kidogo.

Baada ya kupasuliwa, mkojo lazima upate njia mpya. Daktari hukata kipande cha utumbo, akakifanya kuwa mfereji utokao katika ngozi ya tumbo, na mkojo huingia katika mfuko uliogandishwa hapo. Au huigeuza njia iungane na utumbo mkubwa, mtu asihitaji mfuko. Mwenye mfuko huweza kulima, huweza kufundisha, huweza kuimba. Kinachomshinda ni benchi la kanisani, kwa kuwa jirani husogea. Mwaka 1976 Hubert Humphrey, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alitolewa kibofu kwa saratani mwezi wa Oktoba. Habari ilichapwa magazetini, watu wote wakajua. Na mwezi wa Novemba wananchi wa jimbo lake wakamchagua tena kuwa seneta. Alifariki Januari 1978. Hatusemi mkulima wa Ibaba ana mali za seneta. Twasema wale waliomchagua hawakusogea kwenye benchi.

Tufanyeje basi? Walimu wenzetu katika wilaya zenye kichocho huwapa watoto vidonge vya prazikwanteli, wakiwapima kwa kijiti cha urefu wapate kujua kila mmoja anywe vingapi. Kazi hiyo ni njema. Lakini kijana aliyemaliza shule akashuka kwenye mpunga huwa amepitwa na kijiti. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali penye kichocho kingi hata watu wazima wapewe. Basi arudiye kutoka bondeni apimwe mkojo, hata kama hana damu. Ajue pia kwamba vidonge hivyo huua mdudu wa kichocho, wala haviondoi saratani iliyokwisha kuota; damu ikirudi baada ya vidonge, asirudi dukani, aende hospitali. Isoko iko hospitali ya Wamoravian, Mbeya iko hospitali ya rufaa, na Dar es Salaam iko Ocean Road, nyumba iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani.

Na safari hizo ni za fedha. Mtu akifa kwetu, daftari hufunguliwa kabla jua halijatua: huyu mahindi, huyu kuni, huyu fedha, na hakuna athubutuye kukosa. Jeneza hununuliwa kwa siku moja. Lakini alipokuwa hai, akitafuta nauli ya kwenda Mbeya kupimwa, daftari lilikuwa wapi? Twajua jibu: hapakuwa na daftari kwa kuwa hapakuwa na jina la ugonjwa, na hapakuwa na jina kwa kuwa tuliona haya kulitaja. Twawataka wazee wa usharika wafungue daftari la wagonjwa, walitangaze Jumapili kama watangazavyo misiba.

Tena daftari hilo liwe na sehemu 2. Aliyekwanguliwa uvimbe huitwa tena hospitali kuangaliwa, mara nyingi kila baada ya miezi 3 mwanzoni, maana saratani hii ina tabia ya kurudi. Na aliyetolewa kibofu naye huendelea kuitwa. Kila safari ni nauli, na kila safari ni siku 3 au 4 shambani hayupo. Sehemu ya kwanza iandikwe fedha. Ya pili ziandikwe siku za kazi: nani atapalilia viazi vyake juma hili, na nani juma lijalo.