Land Rover za Mpanda Si Vyuma Chakavu

Ndugu zangu, leo sina siasa za Dodoma wala Simba na Yanga. Leo nataka kugombana na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wakubwa wa maofisini wanaouza magari ya zamani kwa bei ya vyuma. Wa pili ni sisi wenyewe, vijana tuliosoma, tunaoangalia tu huku tumeshika simu zenye intaneti.

Pita Mpanda mjini, anzia Makanyagio mpaka Kawajense. Kisha toka nje ya mji, nenda Katumba, Mishamo, Inyonga, hata Karema kule ziwani. Nyuma ya gereji, nyuma ya ghala, nyuma ya ofisi, hutakosa Land Rover iliyokaa juu ya mawe. Mara nyingi ni 109, ile ndefu. Tairi hazipo, kuku ametagia kwenye kiti cha dereva. Uliza ni ya nani, utajibiwa: "Aah, hiyo mkweche tu, inasubiri watu wa skrepa."

Mkweche! Hivi mnajua mnachokiita mkweche?

Kwanza tuelewe kwa nini magari haya yako huku. Reli kutoka Kaliua ilifika Mpanda mwaka 1950, na ilijengwa kwa sababu ya mgodi wa madini ya risasi. Ukishashuka kwenye treni, gari dogo halikuwa na kazi. Wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa Katumba, wengine baadaye Mishamo. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974. Kupeleka dawa kwenye makazi, kumfukuza jangili porini, kumfikisha padre kigangoni, kumpeleka bwana shamba kwa wakulima wa tumbaku, kazi zote hizo zilitaka gari linalopita kwenye tope la masika bila kuomba ruhusa. Historia ya mkoa huu, ambao ulizaliwa rasmi mwaka 2012 kutoka Rukwa, imepita kwenye magurudumu ya magari hayo.

Sasa njoo kwenye bei. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaokusanya magari ya zamani kama wengine wanavyokusanya stempu. Siku hizi hawangoji mnada wa ukumbini, wanapandiana bei kwenye mtandao. eBay wamekuwa wakiuza magari kwa njia hiyo tangu kabla wengi wetu hatujajua kufungua baruapepe. Bring a Trailer ya Marekani ilianza mwaka 2007, ikafungua minada yake yenyewe mwaka 2014, na mwaka 2020 ikanunuliwa na kampuni kubwa ya Hearst. Kampuni kubwa hainunui mchezo wa watoto.

Mnada wenyewe unaendeshwa hivi. Mwenye gari anapeleka picha nyingi: bodi, injini, uvungu, namba ya chesisi, kadi, risiti za matengenezo. Mnada unakaa siku 7. Kila mtu anaona nani ametaja bei gani. Wanaojua magari hayo wanauliza maswali hadharani: mbona bolti hii si yake, mbona rangi hapa imerudiwa? Mtu akitaja bei ndani ya dakika 2 za mwisho, saa inarudishwa nyuma ili wengine nao wapate nafasi. Hakuna kuvizia. Mnada ukiisha, bei inabaki pale, na mimi na wewe tunaweza kuisoma hata baada ya miaka mitano.

Na bei zenyewe? Toyota Land Cruiser FJ40, ile iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1960 hadi 1984, ikikarabatiwa vizuri inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola, na chache zimevuka dola laki moja. Land Rover za Series, zile zilizoanza mwaka 1948 na kumalizikia Series III mwaka 1985, nazo zimo humo, nzuri zake zinafika makumi ya maelfu. Tangu Defender ya zamani ilipoacha kutengenezwa kule Solihull, Uingereza, Januari 2016, macho yamezidi kugeukia hizi babu zake.

Utaniuliza, Uingereza si ndiko zilikotengenezwa, watafuta nini Mpanda? Jibu ni kutu. Bodi ya Land Rover ni alumini, kwa sababu baada ya Vita vya Pili chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza. Lakini chesisi ni chuma. Kule kwao kunanyesha mwaka mzima, na majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu. Chumvi ile inakula chesisi mpaka unaweza kuitoboa kwa bisibisi. Sisi huku tuna kiangazi cha miezi mingi, hatuna barafu, na bahari iko mbali. Gari lililokaa nyuma ya gereji Mpanda kwa miaka 30 linaweza kuwa limekufa injini, limekufa springi, limekufa breki, lakini chesisi yake bado nzima. Na injini inatafutwa ikapatikana, ila chesisi halisi yenye namba yake halisi huipati dukani.

Na bodi ile ya alumini, ambayo ndiyo sifa yake, kwetu ndiyo imekuwa kifo chake. Watu wa skrepa wanaipenda kuliko chuma. Inakatwa kwa shoka, inayeyushwa, inatoka sufuria. Sina ugomvi na sufuria, mama yangu anapikia. Ugomvi wangu ni kuyeyusha kitu cha mamilioni ili upate sufuria za kuuza gulioni.

Nije kwenye minada yetu. Ofisi moja ya umma, sitaitaja, iliuza magari yake chakavu. Tangazo lilikuwa karatasi moja kwenye ubao wa matangazo, limeandikwa "magari mabovu" na idadi. Hakuna aina, hakuna mwaka, hakuna picha, hakuna namba ya chesisi. Niliandika habari, nikaipeleka chumba cha habari. Ikarudi aya mbili, ya pili ikiwa ni kauli ya msemaji kwamba taratibu zote zilifuatwa. Ndiyo faida ya kuwa na blogu, jamani. Huku hakuna wa kunikata.

Sidai kwamba kuna mtu aliiba. Nasema hivi: unapouza kitu bila kusema ni kitu gani, mnunuzi pekee anayejua thamani yake ni yule aliyeko jirani na ufunguo wa yadi. Sheria inataka mali ya umma iuzwe kwa ushindani. Utashindana vipi kugombea kitu usichokijua? Karatasi ya ubaoni inasomwa na nani, zaidi ya watumishi wa ofisi hiyo hiyo na dalali aliyepigiwa simu?

Madalali nao wamejaa. Kuna mzee mmoja mjini hapa, dereva mstaafu, ana 109 yake ya miaka ya 70 aliyoinunua kihalali zamani. Nilimwamkia, akanikaribisha, akanionyesha kadi yake aliyoifunga kwenye nailoni, ile ya namba za TZ za zamani. Dalali alimfuata mara tatu. Bei ya mwisho aliyopewa haikufika bei ya bodaboda iliyotumika. Mzee akaniambia: "Mwanangu, mimi sijui inauzwaje huko nje, lakini najua mtu hawezi kunifuata mara tatu kwa ajili ya takataka." Huyu mzee hana digrii. Ila amefanya hesabu ambayo sisi tuliopita Mlimani tumeshindwa kuifanya.

Maana hebu tuambizane ukweli. Wewe unayesoma hapa unajua bei ya Toyota IST iliyoko Yokohama mpaka dola ya mwisho. Unajua meli inachukua siku ngapi kufika Dar es Salaam. Tumejifunza kununua kwa mtandao mpaka tumebobea, ila kuuza hatutaki kujifunza. Bando la usiku linaishia kwenye mikeka ya mpira, asubuhi tunalalamika ajira hakuna.

Najua majibu yenu, nayasikia kabla hamjayaandika.

Wa kwanza atasema: huo ni wendawazimu wa wazungu, sisi tuna njaa. Sawa. Kama mwendawazimu anataka kununua kikapu chako kwa bei ya ng'ombe, utamfukuza? Tena si wazungu tu. Majirani zetu Kenya wana mashindano ya East African Safari Classic tangu mwaka 2003, ya magari ya zamani tu. Mwaka 2009 Ian Duncan, Mkenya, alishinda na Ford Mustang. Mashindano yale yanawapa kazi mafundi na kuwajaza wageni mahotelini. Na hapa hapa kwetu, Oktoba 2024, Arusha ilifanya tamasha la Land Rover kwa lengo la kuvunja rekodi ya Ujerumani ya mwaka 2018 ya magari 632. Watu wakapiga picha, wakashangilia. Wiki hiyo hiyo hakuna aliyeuliza ngapi zinakatwa kwa shoka mikoani.

Wa pili atasema: haiwezekani, Mpanda ni mbali. Ni mbali kweli. Kutoka hapa mpaka bandarini ni safari, na kontena la futi 20 si la bure, ingawa 109 inaingia humo na nafasi inabaki. Na baadhi ya mitandao ya minada haipokei gari mpaka liwe limeshaingia nchini kwao, hivyo unahitaji mshirika wa kuaminika, na matapeli wako pande zote. Sikudanganyi kwamba ni kazi ya wiki moja. Lakini hata usipouza nje, bei unaijua. Dalali akija na bei ya bodaboda, unamfungulia simu unamwonyesha. Hapo mazungumzo yanabadilika.

Wa tatu, huyu namheshimu, atasema: tukiyauza yote nje tutakuwa tumeuza historia yetu. Hoja hii ni nzito. Makumbusho ya Taifa pale Dar es Salaam yana magari ya viongozi wetu wa kwanza, likiwemo Rolls-Royce, na watoto wa shule wanakwenda kuyaona. Gari lililobeba dawa Mishamo halistahili kuonwa? Linastahili. Ndiyo maana nasema yahesabiwe kwanza, yatakayobaki yabaki kwa heshima, yatakayouzwa yauzwe kwa bei yake. Sufuria haihifadhi historia ya mtu yeyote.

Serikali nayo ina la kujibu. Uingereza, gari la kukusanywa likishaitwa la kihistoria, ushuru wa forodha unaondolewa na VAT inashuka mpaka asilimia 5. Marekani, gari likifikisha miaka 25 linaachiwa masharti ya usalama yanayozuia magari mengine ya nje. Yaani kule uzee wa gari unakupunguzia mzigo. Kwetu gari la nje likizidi miaka 8 linaongezewa ushuru wa bidhaa, likizidi 10 unapanda tena. Naelewa sababu, hatutaki kuwa jalala la magari ya Japani. Lakini sheria isiyotofautisha kigari kilichochoka na gari la mwaka 1962 lenye historia inawafundisha maofisa wetu neno moja tu, uchakavu. Wakishalizoea bandarini, wanalitumia na kwenye yadi za mikoani.

Basi nadai mambo matatu. Moja: kila ofisi ya umma Katavi inayouza gari lililozidi miaka 25 itangaze aina, mwaka, namba ya chesisi na picha, mahali ambapo Mtanzania yeyote anaweza kuona, wiki kadhaa kabla ya mnada, na bei iliyofikiwa itangazwe pia. Mbili: Manispaa ya Mpanda ichague magari machache yenye historia ya mkoa na kuyaweka chini ya paa. Bati chache tu zinatosha kwa kuanzia. Tatu: mafundi waache kupasua na kusaga namba za chesisi, na waache kung'oa injini ya zamani ya petroli ya lita 2.25 na kuitupa wanapofunga ya Toyota. Itoe, ifunge turubai, iweke pembeni. Mnunuzi atakuja kuiulizia.

Na wewe msomaji, kazi yako ni ndogo. Wikiendi hii ukienda kumsalimia babu au baba mkubwa, zunguka nyuma ya nyumba. Ukikuta gari juu ya mawe, piga picha, soma kibao cha namba, muulize kadi iko wapi. Kisha nenda mtandaoni uangalie mwenzake ameuzwa shilingi ngapi, umsomee mzee kwa sauti. Ufanye hivyo kabla mtu wa skrepa hajapiga hodi, maana yeye wikiendi hana mapumziko.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, tugombane vizuri.