Kona ya Familia: Vijana wa Namugongo na hirizi ya safari

Tarehe 3 Juni inakaribia, na kama kawaida watoto darasani wameanza kuuliza: mwalimu, tutaenda Namugongo? Nilitaka kuandika juu ya sikukuu hiyo tu. Lakini wamama wa jumuiya waliniomba niongeze jambo ambalo humu kambini linasemwa chini chini, mdomo kwenye sikio. Ni jambo la watu wanaoshinikizwa waende Kampala kwa mganga "kufunguliwa njia".

Mnalijua vizuri kuliko mimi. Mtu ana faili ya kwenda ng'ambo miaka saba, minane. Wengine walikuwa wamepimwa afya, wameaga majirani na kugawa masufuria, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, wakabaki na sanduku moja na mkeka wa kuazima. Mwaka huohuo na mgao wa chakula ukapunguzwa, familia nyingi zikatolewa kabisa kwenye orodha. Basi hapo ndipo anatokea mtu mpole, mara nyingi ndugu wa karibu kabisa, anasema: jamani, mnalala tu? Fulani alienda kwa mzee pale Kampala, faili yake ikatembea. Peleka kuku mweupe na pesa kidogo, upige magoti, utaje jina la mzimu wa ukoo, ufunge kitu kiunoni. Ni siku moja tu, Mungu anaelewa.

Hiyo "siku moja tu" ndiyo shida yenyewe. Na si waganga peke yao. Wako wengine hawajiiti waganga, wanajiita manabii, wana kipaza sauti na chupa za maji, na wenyewe wanataka pesa ile ile ili faili ile ile itembee. Mimi sioni tofauti kubwa. Kuku au chupa, mtu ameuziwa mungu wa bandia.

Kabla sijaenda kwenye historia niseme hili wazi: huduma za UNHCR na za ofisi ya serikali inayoshughulika na wakimbizi ni bure. Kuandikishwa ni bure, mahojiano ni bure, kwenda ng'ambo hakununuliwi. Anayekuomba pesa kwa ajili hiyo, awe amevaa ngozi ya chui au suti, anakuibia.

Sasa twende Namugongo. Wengi tunawajua Mashahidi wa Uganda kwa picha ya kalenda, vijana wenye kanzu nyeupe na moto. Lakini ukisoma vizuri, unaona kwamba Kabaka Mwanga hakuwaletea sanamu akawaambia waisujudu. Ilikuwa shinikizo la namna nyingine. Mwanga alirithi ufalme mwaka 1884, baba yake Mutesa alipokufa. Alikuwa kijana wa miaka kama 16. Ndani ya jumba lake kulikuwa na vijana wengi wa kumtumikia, na kila mmoja alijua kwamba neno la Kabaka ndilo la mwisho: mwili wako, uhai wako, ibada yako, vyote ni vyake. Vijana waliobatizwa walianza kusema kwamba yuko Mmoja aliye juu ya Kabaka. Walimtumikia mfalme vizuri, lakini walikataa mambo ya aibu aliyotaka kuwafanyia, na walikataa kuacha kusali. Kwa hiyo mungu wa bandia pale alikuwa mtu aliyekaa kwenye kiti na kudai nafasi isiyo yake.

Watatu wa kwanza waliuawa tarehe 31 Januari 1885, huko Busega karibu na Natete: Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, vijana wa Kanisa la Anglikana. Oktoba mwaka huohuo askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa jumba, alimlaumu mfalme uso kwa uso kwa damu hiyo, naye akauawa Novemba 1885 pale Nakivubo. Ndiyo, Nakivubo hiyo hiyo tunayopita tukienda kununua mitumba.

Halafu Mei 1886. Tarehe 25 Mwanga alirudi Munyonyo kutoka kuwinda, akamkuta kijana Denis Ssebuggwawo alikuwa akimfundisha dini mwana wa Katikiro. Akampiga mkuki, na kijana akauawa pale Munyonyo. Mimi kama mwalimu wa kujitolea huwa nasimama hapo kidogo. Kosa lake lilikuwa kumfundisha mwenzake.

Usiku ule vijana wakajua kesho itakuwa nini. Karoli Lwanga, mwenye miaka ipatayo 25, akawabatiza wale waliokuwa bado wakatekumeni, na mmoja wao alikuwa Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Asubuhi mfalme akawaagiza wanaosali wajitenge upande mmoja. Wakajitenga. Wakafungwa kamba, wakatembezwa kwa miguu mpaka Namugongo, wengine wakauawa njiani. Tarehe 3 Juni wakachomwa moto, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, kwenye kuni zile zile. Kwa jumla, tangu 1885 mpaka 1887, tunahesabu mashahidi 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23.

Katika hao wote, yule ninayemfikiria zaidi nikisikia habari za hirizi ni Mbaga Tuzinde. Huyu alikuwa mtoto wa kulelewa wa Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Mukajanga alikuwa akimpenda. Njiani na pale Namugongo alimbembeleza, ndugu zake nao wakabembeleza: sema tu hutasali tena, au kubali tukufiche. Hakuna aliyemtukana wala kumchukia. Ni baba analia, anamwomba mtoto aseme neno moja dogo ili aishi. Mbaga akakataa. Baba yake akaagiza wamuue kwanza kwa kumpiga, ndipo mwili uwekwe motoni, asisikie maumivu ya moto.

Ndugu zangu, shinikizo la adui ni gumu, lakini la mtu anayekupenda ni gumu zaidi. Mama mkwe anayelia kwamba mjukuu ana degedege na wewe bado unashika Biblia, huyo si adui yako. Shemeji aliyetuma pesa ya nauli ili uende kwa mzee, naye anadhani anakusaidia. Ukimjibu kwa ukali mmeshagombana, na mtoto bado anaumwa. Mjibu kwa heshima, "mama, nakusikia, tunampeleka kituo cha afya sasa hivi, twende wote." Degedege ya mtoto mara nyingi inatoka kwa homa kali, na hapa kwetu malaria ndiyo inayoongoza. Anahitaji kupimwa damu na kupewa dawa siku hiyo hiyo. Nimeona mama mkwe aliyeshirikishwa hivyo akawa yeye ndiye anayebeba mtoto.

Nifungue mabano kidogo, maana kuna wanaochanganya. Majani ya mwarobaini si mungu wa mtu. Bibi anayejua mizizi ya kutuliza tumbo, hajakuambia upige magoti. Dawa ni dawa (ingawa mwambieni daktari mmekunywa nini). Ninachosema ni pale unapoambiwa uite jina, uchinje, ufunge, uahidi kurudi. Na wazazi, mkisikia mtu anataja kafara inayogusa mtoto wa mtu, hata kwa mafumbo, hapo hakuna cha kujadili, ni polisi moja kwa moja. Uganda ilipitisha sheria maalumu mwaka 2021 ya kuzuia kafara ya binadamu.

Sasa swali ambalo vijana waliniuliza: wale walipata wapi nguvu, wakati walikuwa wadogo kama sisi? Mimi naona jibu liko miaka ya nyuma. Mapadri wa White Fathers walifika Buganda mwaka 1879, lakini Novemba 1882 wakaondoka, wakakaa kusini ya ziwa mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda walibaki bila padri hata mmoja. Je, waliisha? Waliongezeka. Akina Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba waliwafundisha wengine, nyumba kwa nyumba, usiku. Mafundisho ya mwanzo mengi yalikuja kwa Kiswahili, lugha yetu hii, kabla vitabu vya Kiganda havijawa vingi. Kumbe usiku ule wa Mei hawakuanza siku hiyo. Walikuwa na mazoea ya kusali pamoja, kila mtu alijua jina la mwenzake, na Karoli Lwanga alikuwa karibu na Kizito. Hakuna aliyeachwa ajibu mfalme peke yake.

Kwetu ni kinyume. Mtu anaenda kwa mganga peke yake, kwa siri, basi la alfajiri, hata mume hajui. Siri ndiyo inayomlisha yule mzee wa Kampala. Kwa hiyo ukishinikizwa, ondoa siri. Mwambie katekista au mchungaji, mwambie jirani mmoja unayemwamini, waje jioni nyumbani wakati jamaa wapo, mkae, muongee, msali. Nusu ya shinikizo inaisha wakijua kwamba hauko peke yako.

Kuna pia wanaoumia moyoni kwa sababu walikimbia. Baba mmoja aliniambia, mashahidi walibaki, sisi tulikimbia vita, basi imani yetu ni ndogo. Hapana, baba. Si kila Mkristo wa Buganda alikamatwa. Wengi walijificha, na Kanisa halikuwalaumu. Tena Oktoba 1888 Wakristo walifukuzwa mjini, wakakimbilia Nkore, kwa mfalme Ntare, wakapokelewa na kupewa mahali Kabula. Walikuwa wakimbizi, katika nchi ile ile ya Ankole ambako leo kuna Nakivale. Kutoka huko ndipo walirudi.

Na Mwanga mwenyewe? Hata yeye alikimbia. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana wakamwondoa. Akavuka ziwa kusini, na mwishowe akapata hifadhi Bukumbi, karibu na Mwanza ya leo, nyumbani kwa mapadri wale wale. Walimlisha, wakampa mahali pa kulala. Mwaka 1889 akarudishwa kwenye kiti kwa msaada wa Wakristo. Baadaye Waingereza walimpeleka uhamishoni visiwa vya Seychelles, mwaka 1899, na huko akabatizwa jina la Danieli. Alifia huko mwaka 1903. Watoto darasani wakisikia hapo huwa kimya kabisa, halafu mmoja anauliza: sasa huko mbinguni wameonana? Bado sijapata jibu la kumpa.

Jambo moja kwa heshima ya majirani zetu. Namugongo haina moto wa Wakristo tu. Miaka 10 kabla, mwaka 1876, Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu wapatao 70. Walikataa kula nyama ya mfalme kwa sababu haikuchinjwa kwa sheria yao, na kumfuata katika sala wakati hakutahiriwa. Nao walisema yuko aliye juu ya Kabaka. Jirani yako Mwislamu akikuambia babu zake wa dini walifia pale, ni kweli, mpe mkono.

Kwa wanaotaka kwenda hija mwaka huu: wengine wanatembea kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na kwetu Kongo, wiki nzima na zaidi, kwa hiyo msione aibu na miguu yenu. Namugongo iko nje kidogo ya Kampala upande wa kaskazini mashariki, na mahali pa Wakatoliki na pa Waanglikana pako karibu, pitieni pote. Mkiwa na muda piteni Munyonyo, na Old Kampala pia. Wengi wetu tunaijua Old Kampala kwa sababu ya kujiandikisha polisi tulipofika. Ni huko Matia Mulumba aliachwa afe polepole, siku tatu. Chukueni kadi zenu za ukimbizi na ruhusa ya safari, maji, kandambili za akiba, na chakula cha kubeba maana huko bei inapanda siku hizo. Mtoto mdogo aandikwe namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi, itiwe mfukoni mwake, watu ni wengi sana.

Majina ya wanaoenda yaandikwe kwa mwenyekiti wa jumuiya kabla ya Jumapili ya pili. Watakaobaki, tutasali hapa shuleni usiku wa tarehe 2, kuanzia saa moja. Mama yeyote anayesumbuliwa na jambo hili la hirizi aje tu, hata kama tayari ameifunga. Hatutamuuliza maswali mbele za watu.