Jiografia na ekari ya hatua 70
Wapo wazazi Ilagala wanaoona Jiografia ni somo la kukariri majina ya milima na mito. Sikubaliani nao. Sekondari hufundishwa pia kupima ardhi, na hapo ndipo penye fedha ya mkulima.

Wengi wetu ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa sentimita 75, eneo hilo ni mita za mraba 2,756 tu. Ekari kamili ni 4,047. Michikichi ikipandwa kwa pembetatu ya mita 9, ekari kamili huchukua miche 58 hivi. Hiyo ya hatua, 39. Miche 19 imelipiwa bure! Anayenunua shamba ndiye hupunjwa zaidi, maana muuzaji huchagua mwenye miguu mifupi.

Ndugu mkulima, kabla hujalipa, mpe mwanao futi kamba.