Daftari la Wiki: Nyumba ya Karen kwa Msafiri wa Dandora

Nyumba ya mawe ya kijivu na vigae vyekundu iliyoko mtaa wa Karen, Nairobi, ikitazamana na Vilima vya Ngong, ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi kutoka Uswidi. Mwaka 1917 ikawa makao ya Bror Blixen na mkewe Karen, mwanamke wa Denmark aliyeshuka Mombasa Januari 1914 na kufunga ndoa huko huko. Ndoa ilivunjika 1925. Mke akabaki na shamba la kahawa hadi 1931, lilipouzwa kwa madeni, akarudi kwao na kuandika Out of Africa, kilichotoka 1937. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuikabidhi Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru. Kwa muda ilitumiwa na chuo cha lishe, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho 1986, mwaka mmoja baada ya filamu yenye jina la kitabu hicho.

Kwa mkazi wa Dandora, safari ni ya kuvuka jiji zima. Mtaa uko mashariki, Karen iko kusini-magharibi, na matatu za Dandora huishia tao. Kutoka hapo hupandwa nambari 24, inayopitia Lang'ata hadi Barabara ya Karen na kushusha karibu na lango. Penye foleni ya magari, nusu ya siku huishia njiani, ndiyo maana wanafunzi wa shule za Eastlands, yaani upande wa mashariki wa jiji, huondoka alfajiri kwa basi la kukodi. Raia hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni kutoka nje, na mtoto hulipa kidogo zaidi. Kiongozi wa watalii huwa ndani ya bei hiyo, na inafaa kumfuata, kwa kuwa maandishi ya ukutani hayaelezi mengi.

Ndani, vyumba ni vidogo kuliko vinavyoonekana kwenye filamu. Na kweli si vyenyewe: filamu ilipigwa katika nyumba nyingine jirani, kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa wakati huo hii ilikuwa bado chuo. Hata hivyo mavazi ya waigizaji yametundikwa humu, na mgeni hulazimika kutenganisha mwenyewe vitu vya Karen na vya sinema. Vya Karen ni vichache. Samani nyingi aliziuza kabla ya kuondoka, na mnunuzi mkubwa alikuwa Lady McMillan, mjane wa William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyemkaribisha Rais mstaafu Theodore Roosevelt kwenye shamba lake la Juja mwaka 1909.

Hapo ndipo hadithi inapogusa Eastlands. Lady McMillan alijenga maktaba ya kumbukumbu ya mumewe katikati ya Nairobi, ikafunguliwa 1931, mwaka ule ule Karen aliofunga virago. Samani za Karen zilikaa humo miongo kadhaa kabla ya kurejeshwa kwenye makumbusho. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga maktaba hiyo. Baraza la jiji lilipoichukua, milango ilifunguliwa kwa wote, na leo ina matawi mawili upande wa mashariki, Kaloleni na Makadara. Mwanafunzi wa Dandora anayesomea Makadara anatumia maktaba iliyo tawi la ile iliyowahi kutunza viti vya Karen, ingawa haelekei kuambiwa hivyo na yeyote.

Wenyeji wa nyumba hawakuwa Wazungu pekee. Farah Aden, Msomali, alisimamia shughuli zote za nyumbani na mara nyingi fedha pia. Kamante Gatura alikuja akiwa mtoto mwenye vidonda miguuni, akatibiwa, akawa mpishi hodari wa vyakula vya Kizungu. Masimulizi yake yalichapishwa kitabuni mwaka 1975. Watoto wachungaji, kwa maelezo ya Karen mwenyewe, walikuwa wakiingia saa sita mchana kumtazama ndege wa bandia aliyechomoza kutoka ndani ya saa ya ukutani na kulia. Saa hiyo huwavutia watoto wa shule hata leo. Jiko la Kamante nalo lastahili muda zaidi ya dakika chache ambazo makundi hupewa, maana ndilo chumba kinachoonyesha kazi.

Bustani ni nyasi pana zilizokatwa vizuri, miti mikubwa na maua ya bogenvilia, na nyuma yake vilima. Maharusi huja kupigwa picha hapa, na mwishoni mwa wiki hulazimu kungoja zamu. Anayezunguka nyuma ya nyumba atakuta mabaki ya mitambo ya kahawa kati ya miti. Kiwanda cha shamba kiliteketea 1923, na hata bila moto huo biashara haikuwa na nafasi nzuri: eneo liko juu mno kwa kahawa, udongo ni wa tindikali, mvua zilikatika na nzige wakaja, kisha bei ya dunia ikaporomoka baada ya 1929. Mitambo hiyo yenye kutu inaeleza vizuri zaidi kuliko chumba chochote cha ndani kwa nini nyumba iliuzwa.

Swali ambalo ziara hulipita haraka ni la ardhi. Makumbusho yanataja shamba la ekari 4,500. Karen aliandika ekari 6,000. Kwa hesabu yoyote, ni ekari 600 tu zilizopandwa kahawa. Kwa maelezo yake, ekari 1,000 hivi zilikaliwa na maskwota, wengi wao Wakikuyu, ambao kwa sheria ya 1918 walimfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa, kulima na kuchunga. Baadhi yao walikuwa wazaliwa wa ardhi hiyo. Shamba lilipouzwa walipewa notisi ya kuhama. Karen alizunguka ofisi za serikali mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti ili wakae pamoja. Ni jambo la kumsifu, ingawa halibadilishi kwamba waliokuwa wenyeji ndio waliohamishwa. Mnunuzi alikata shamba vipande vya ekari 20, na huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen wa leo wenye ua mrefu wa michongoma na walinzi langoni.

Hapa kulinganisha vipimo na vya Dandora husaidia. Dandora ilianzishwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa 1975, ikiwa na ploti 6,000 za mita za mraba 100 hadi 160. Wenye ploti wengi walipewa choo, bafu, bomba la maji na mfereji wa maji taka, vyumba wajijengee wenyewe. Kipande kimoja cha Karen cha ekari 20 kingetosha ploti 800 ndogo za Dandora. Ploti zote 6,000, hata kila moja ikiwa kubwa kabisa, zingeingia katika ekari zisizofika 240, yaani chini ya nusu ya eneo la kahawa ya Karen. Katika mwaka ambao mpango huo ulikuwa ukianza, nyumba ya Karen, iliyojengwa kwa familia moja, tayari ilikuwa mali ya umma.

Dandora nayo ina bustani zake. Wapangaji wa mtaa waliacha nyua za pamoja kati ya nyumba, na kwa miaka mingi ziligeuka kuwa mahali pa takataka na wezi. Tangu katikati ya miaka ya 2010, kupitia Dandora Transformation League, vikundi vya vijana vimeshindana kuzisafisha, kupanda nyasi na maua, kupaka rangi kuta na kuweka malango. Gharama hutoka kwa michango ya wakazi na ada za kuegesha na kuosha magari, hivyo kazi ya bustani imekuwa ajira pia. Nyingi ziko sehemu ya mtaa iitwayo Phase 2. Anayetaka kuziona hakati tiketi. Huongea kwanza na vijana wanaolinda lango, kwa kuwa ndani mna watoto wanaocheza na nguo zilizoanikwa.